Grafu ikiruka hadi 85, sensa inasema nini?

Swali: Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari kisiwani Lamu. Tunalinganisha joto la maji ya mtungi wa udongo na ya ndoo ya plastiki kwa sensa mbili za joto za DS18B20 na Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma sensa, grafu ikijichora kwenye kompyuta. Dakika chache mambo huwa shwari, kisha mstari huruka hadi nyuzi 85 au huporomoka hadi -127. Sensa zimekufa? Na wenzangu wanauliza: grafu ikijichora yenyewe, mwanafunzi anajifunza nini?

Jibu: Mwalimu, huenda sensa zako ni nzima. 85 ndiyo namba ambayo DS18B20 huwa nayo kila inapowashwa, kabla haijapima chochote. Ukiiona katikati ya jaribio, ama umeme ulikatika kidogo ukarudi, ama programu imeisoma kabla haijamaliza kupima. Ikipima kwa undani wake wote huhitaji hadi milisekunde 750. -127 nayo haitoki kwenye sensa kabisa: programu imeita, haikuitikiwa.

Kwa hiyo anza na nyaya kabla ya kwenda dukani. Hapa Malindi nilihangaika siku mbili na tatizo hilihili. Nilipochomoa pini ya waya wa data nikakuta ukoko wa kijani, mwembamba hivi kwamba sikuuona mpaka nilipoigeuza juani. Shaba ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi. Niliukwangua kwa wembe, nikauunga waya kwa risasi ya kuyeyushwa (solda) badala ya kuuchomeka tu, na mstari ukatulia. Hakikisha pia rezista (kipinga umeme) ya kiloomu 4.7 ipo kati ya waya wa data na waya wa volti 5. Programu isome mara moja kila sekunde 2. Maji hayabadiliki joto kwa kasi ya kuhitaji zaidi.

Nakusihi usiiamuru programu ifute kila 85. Siku mtakayopima maji yaliyochemka yanavyopoa, yatapita 85 kwa haki kabisa. Angalia majirani wa namba hiyo: 85 iliyobanwa kati ya 29 na 29 ni kosa. Acha pengo kwenye grafu, na wanafunzi waeleze limetoka wapi.

Kabla ya kulinganisha vyombo, tia sensa zote mbili kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, uone kama zote zinakaribia 0. Barafu ya wauza samaki isitumike, maana ikiwa imegusa maji ya bahari huyeyuka chini ya 0.

Kuhusu wenzako: mwaka 1987 Heather Brasell alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliotazama grafu za mwendo. Walioona grafu papo kwa papo walielewa zaidi ya walioonyeshwa baada ya kucheleweshwa kwa sekunde 20 hadi 30 tu. Faida iko kwenye kuona tendo na mstari kwa pamoja. Ila mtoto akikaa kutazama tu, wenzako wana haki ya kulalamika.

Mimi hufunika skrini kwanza. Kila mmoja anachora kwenye daftari mstari anaoutarajia, kisha nafunua. Halafu mwanafunzi mmoja achukue pepeo aupepee mtungi unaotoa jasho. Baada ya muda, mstari wa mtungi huanza kuinama zaidi huku wa ndoo ukibaki vilevile, na darasa zima hutaka kujua kwa nini. Hapo mvukizo, yaani maji kugeuka mvuke na kuondoka na joto, hauhitaji kukaririwa. Rudieni siku ya unyevunyevu mwingi, mkaone jinsi mtungi unavyoshindwa kupoza.

Karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inataka grafu ya mkono, kwa hiyo waandike vipimo kila baada ya dakika 5 na kuvichora kwenye karatasi ya mraba. Na sensa ining'inie katikati ya maji, isiguse udongo.