Uliza Tukujibu: Bahari ya baridi ndani ya tangi

SWALI: Ninaishi Plymouth, Uingereza. Wanangu wanataka tufuge anemoni wekundu, wale viumbe laini wa bahari wanaofanana na ua, na duvi, wale kaa wanaojificha kwenye maganda ya konokono, tunaowaona katika vidimbwi vya miambani maji yakipwa. Nina tangi la kioo la sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Jirani anasema nchi hii ina baridi ya kutosha, mashine ya kupoza maji ni kutupa pesa. Ni kweli?

JIBU: Baridi hiyo iko nje, dada, haiko sebuleni. Sebule ya nyuzi 21, ukiongeza joto la mota ya pampu, huyapeleka maji 23, nawe unayataka kati ya 12 na 15. Ni kweli anemoni hustahimili kidimbwi kilichopigwa na jua, lakini pale maji hujaa tena baada ya saa chache. Kwenye tangi hayajai. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo kiumbe huitaka zaidi. Feni juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3 tu. Chupa za barafu hupandisha na kushusha joto kutwa. Kwa hiyo nunua mashine kwanza, mapambo baadaye. Usiifungie kabatini: itavuta hewa yake yenyewe ya moto na haitazima.

Kioo baridi hutoka jasho, na jasho hilo huozesha meza ya mbao. Bandika shiti za styrofoam nyuma na chini.

Ukitoa mchanga na mawe, tangi lako litabeba kama lita 120. Gramu 35 za chumvi ya akwaria ya maji ya bahari kwa lita ni kilo 4.2, changanya kwenye ndoo, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Hapa wengi hukosea: haidromita (kipimo cha chumvi kinachoelea) nyingi zimepimwa kwa maji ya nyuzi 25. Ukiitia kwenye maji ya 14 itakuonyesha chumvi imezidi, utaongeza maji matamu, na chumvi itapungua mno. Chota kikombe, kiache kifikie joto lililoandikwa kwenye kipimo, ndipo usome. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matamu, kwani chumvi haikauki nayo.

Usitie kiumbe bado. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa viumbe, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na sumu kali, huzaliana polepole kwenye baridi. Miezi miwili si ajabu. Subiri amonia na naitraiti zisome sifuri.

Anza na anemoni wawili, ukiwachukua pamoja na kijiwe walichoshika (ukiwabandua kwa nguvu utawachana nyayo), na duvi watatu. Kwanza uliza kama ufuo huo si hifadhi. Kaa wa kijani mwache hukohuko: atakula wenzake, kisha atapanda bomba na kutoroka. Anemoni mpe kipande cha kome kama punje ya mahindi mara mbili kwa wiki, na mabaki yatoe siku hiyohiyo. Dawa yenye shaba usiitie kamwe. Huua wasio na uti wa mgongo.

SWALI: Na mimi niliye Mombasa?

JIBU: Kushusha maji kutoka 30 hadi 14 mchana na usiku ni bili ya umeme usiyoitaka, na umeme ukikatika jioni, asubuhi utakuta mizoga. Fuga viumbe wa mwamba wa kwenu. Hao hawahitaji kupozwa hivyo.