Maswali Yenu: Bledi ya Theluji si Bledi ya Kifusi

SUALI: Asalaam alaykum. Mimi ni dereva wa greda, kazi yangu ni njia za kifusi. Nimepata kazi ya msimu Canada, jimbo la Ontario: kusukuma theluji kwenye maegesho ya maduka kwa lori lenye bledi (bamba la chuma la kusukumia) mbele. Jamaa walioko huko wananiambia bledi ni bledi, nisihangaike. Ni kweli?
Dereva, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mikono yako itakufaa, ila mazoea yako ndiyo yatakayokuponza. Kwenye kifusi unakandamiza bledi ili ikate matuta na kuchonga mgongo wa njia. Kwenye theluji hukati kitu, unakwangua juu ya lami. Kwa hiyo wenzo wa haidroliki uweke kwenye nafasi ya kuelea, bledi ilale kwa uzito wake yenyewe na kufuata miinuko. Ukiikandamiza, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito na usukani hauskii tena, na kisu cha chini kinakwisha upesi.

Halafu kuna vilivyofukiwa: mifuniko ya chemba, kingo za njia, mawe ya bustani. Bledi nyingi za theluji zina springi zinazoiachia ipinde mbele ikigonga, kisha irudi. Ikipinda kwa kila kikwazo kidogo, springi zimelegea. Isipopinda kabisa, zimekazwa mno au zimeshika kutu, na pigo lote litaingia kwenye chesisi na kifuani mwako. Baada ya pigo zito simama, kagua boliti. Usiingize mkono wala mguu chini ya bledi iliyonyanyuliwa: ishushe chini kabisa na uzime injini kwanza.

Siku ya mwanzo ya kazi ni ya miguu, kabla theluji haijaanguka. Tembea uwanja mzima, chomeka vigingi virefu kwenye kingo, chemba na mabomba ya zimamoto.

Theluji ikianza, usingoje iishe. Ikifika sentimita 5 hadi 8, ingia. Piga hesabu uone kwa nini. Uwanja wa mita 50 kwa 40 wenye sentimita 10 una mita za ujazo 200. Theluji mpya nyepesi huwa na takriban kilo 100 kwa mita ya ujazo, basi hizo ni tani 20. Ikiwa imelowa maji, huenda ikawa mara tatu yake. Bledi ya mita 2.7 iliyopindwa pembeni nyuzi 30 inasafisha mita 2.3 tu, na kila mkondo, yaani kila safari ya bledi, uupandishe juu ya uliotangulia kwa sentimita 20, la sivyo utaacha tuta katikati.

Anza mlangoni mwa majengo: sogea karibu, shusha bledi, buruta theluji kinyumenyume mbali na ukuta, ndipo ugeuze na kuisukuma. Usiisukume kuelekea jengo hata mara moja. Marundo ya mwanzo yapeleke mbali kabisa ya ukingo, kwa sababu rundo la Disemba huweza kuwapo hadi Februari, na kila rundo jipya litadai nafasi yake. Usirundike kwenye kona ambapo dereva anahitaji kuona, wala juu ya mitaro. Na kumbuka kule gari hupita kulia: tuta linatupwa mkono wa kulia, kinyume na ulivyozoea.

Kurudi nyuma ni nusu ya kazi, na ndiko kwenye hatari kubwa. Nyanyua bledi kwanza, futa kioo cha nyuma, geuza shingo. Nyuma ya rundo anaweza kuwapo mtoto. Ukisafiri na bledi juu, usiipandishe ikaziba rejeta. Ipinde pembeni na uangalie geji ya joto. Uzito wa mbele usawazishe kwa mifuko ya mchanga nyuma ya ekseli, iliyofungwa barabara. Usiku tumia taa fupi, maana taa ndefu zinagonga chembe za theluji na kukurudia machoni. Ukikwama, fukua bomba la moshi kabla ya kukaa na injini ikiwaka: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

SUALI: Kwa nini nchi za theluji zinunue chumvi kwa matani ya kuyeyushia barafu njiani wakati bahari imejaa? Si wamwage maji ya bahari njiani?
Mwanafunzi, Bububu

JIBU: Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo, na huganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Ukiyamwaga kwenye baridi zaidi ya hapo, umeongeza barafu. Maji ya chumvi ya kazi hiyo hukorogwa kwa asilimia 23, yaani gramu 300 kwa kila lita ya maji. Huganda kwenye nyuzi 21 chini ya sifuri. Ukizidisha chumvi hapo hupati faida, yanaanza tena kuganda mapema.

Lakini nguvu ya chumvi inashuka haraka na baridi. Kilo moja huyeyusha kilo 46 za barafu kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo 8.6 kwenye nyuzi 7, na chini ya kilo 5 kwenye nyuzi 12. Ndiyo maana kwenye nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri wajuzi huhamia kalisi kloridi, chumvi nyingine inayofaa kwenye baridi zaidi, au humwaga mchanga, ambao hauyeyushi kitu bali unashikisha tairi. Kinachopimwa ni joto la lami, si la hewa. Na chumvi ifuate bledi: anayemwaga kabla ya kusukuma anazoa pesa zake mwenyewe.

SUALI: Gari kutoka Hokkaido, Japani, zinakuja zimeliwa na kutu chini. Nikague wapi?
Fundi, Mwanakwerekwe

JIBU: Ni hiyohiyo chumvi ya njiani. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa karibu na springi za nyuma. Sauti butu maana yake ndani kumeoza. Chungulia mabomba ya breki kwa tochi. Ukikuta rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu, ikwangue kabla hujalipa.