Siku ya Mto na Siku ya Chupa: kwa wewe unayeingia kwenye harakati za mazingira ukiwa na familia

Sampuli ya maji ya kupimia bakteria wa kinyesi haisubiri. Ukishaichota unaiweka kwenye baridi, na inatakiwa ifike maabara katika muda wa saa 6 hivi. Ikichelewa, majibu yake hutiliwa shaka, na wanaochafua maji watakuwa wa kwanza kuyakataa. Naanza na jambo hili dogo kwa sababu liliivuruga nyumba yangu kwa karibu miaka miwili kabla sijatambua kinachotokea.

Mimi na mke wangu tuliupenda mto ule zamani, kabla haujawa na shida. Tulipiga hema kando yake hata kabla ya kupata watoto. Maji taka yalipoanza kuingia nilijiunga na kikundi cha watu tisa, nikapewa kazi ya kuchota sampuli, kwa kuwa kila mtu alijua naenda huko karibu kila wiki. Nami niliona nimepata njia ya mkato: matembezi, familia na harakati, vyote kwa safari moja.

Kilichofuata ni hiki. Tukifika, nachota maji sehemu tatu, na tangu hapo ni mbio. Watoto hawajamaliza hata kuvua viatu, nawaambia tufunge mizigo. Siku moja mwanangu mkubwa, akiwa na miaka minane, alikuwa amepanga mawe ya kuvukia hadi ng'ambo. Yalibaki mawili tu. Nikamwita, nikamwambia maabara inafungwa. Hakulia wala hakubisha. Jumamosi iliyofuata alisema atabaki nyumbani, na akaendelea kubaki nyumbani kwa miezi mingi.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba: tenga siku. Siku ya chupa nenda na mwenzako wa kikundi, mchote, mwandike saa na mahali, mwondoke. Siku ya familia usibebe chupa wala daftari. Ikiwa huna budi kuunganisha, michezo itangulie na sampuli iwe ya mwisho, wakati mnakunja hema.

Ugumu wake utauona siku ya familia utakapokuta povu limetanda mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa safi. Moyo utakwenda mbio. Kanuni yangu ni picha moja, saa na mahali, kisha simu inarudi mkobani. Povu litaandikiwa barua Jumatatu. Samaki wakielea wamekufa, hapo ni jambo jingine: watoe watoto majini na upige simu kwa wahusika papo hapo. Na mvua kubwa ikinyesha, acheni kuogelea kwa siku mbili tatu, maana mvua husomba uchafu wa mitaa na mashamba yote kuuingiza mtoni. Hilo nawaambia hata wasiojali harakati zetu.

Kuna kazi moja tu ya kikundi ambayo watoto wangu waliipenda bila kuombwa, nayo ni kugeuza mawe. Chini ya mawe ya mto wenye maji safi yanayokwenda kasi huishi wadudu wachanga ambao hawavumilii uchafu. Wengine wana mikia mitatu myembamba, na wengine miwili. Maji yakichafuka na hewa ya oksijeni ikapungua, hao hutoweka, na kwenye tope utakuta vijibuu vyekundu kama damu. Wekundu huo ni himoglobini, ya jamii moja na ile inayoipa damu yetu rangi nyekundu, na ndiyo inayowasaidia kuishi mahali penye oksijeni kidogo. Binti yangu alijua tofauti hii kabla hajajua kusoma vizuri. Angalizo langu ni kwamba usimpe mtoto fomu ya kujaza. Niliwahi kufanya hivyo, na siku hiyohiyo mchezo ukageuka kazi ya shule. Geuzeni jiwe, tazameni, mlirudishe kama lilivyokuwa, kwa sababu ni nyumba ya mtu.

Utakutana na wanaharakati watakaokuambia kwamba kutembea porini wakati mto unakufa ni anasa. Nawaheshimu, lakini katika hili wamekosea. Mwaka 1956 watetezi wa mazingira Marekani walifanikiwa kuzuia bwawa la Echo Park, na sehemu ya nguvu yao ilitokana na watu waliokuwa wamepelekwa kushuka mito ya eneo hilo kwa mashua, wakaona kwa macho yao kitakachozama. Wakati huohuo bwawa la Glen Canyon kwenye Mto Colorado liliachwa lipite. David Brower, aliyeongoza Sierra Club, chama cha watetezi hao wa mazingira, hakuwa amelijua bonde la Glen Canyon ambalo lingezama. Alipolijua alikuwa amechelewa. Milango ya bwawa ilifungwa mwaka 1963, naye aliishi na majuto hayo. Na Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, alikuwa akitetea Uhuru Park, mahali ambapo watu wa Nairobi hukaa kwenye nyasi na watoto wao.

Nimeliona hilo hata katika kikao chetu cha maoni ya umma kuhusu bomba la maji taka. Tulifika na majedwali yetu ya sampuli, na tulisikilizwa kwa adabu tu. Aliyekibadilisha kikao ni mama mmoja ambaye hakuwa mwanachama wetu. Alisimama akaonyesha kwenye mchoro kwamba mdomo wa bomba umewekwa juu kidogo ya mahali anapoogelea na wanawe, na kwamba katika ripoti nzima hakuna palipoandikwa kuwa pana watoto. Alijua hivyo kwa sababu alikuwa akienda pale kustarehe.

Kuhusu kazi za kikundi nitasema machache. Muda wa kutoa maoni mara nyingi huhesabiwa kwa wiki, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inaweza kuwa na mamia ya kurasa, kwa hiyo gawaneni sura; asisome mtu mmoja usiku kucha. Kila kazi iwe na watu wawili. Na jioni, kwenye chakula, kundi la WhatsApp linyamazishwe.

Jambo zito zaidi linahusu mwenzi wako. Mke wangu hakuwahi kuniambia niache. Aliniuliza tu kama ninaweza kumtajia tarehe, nami nikakosa jibu, kwa sababu sikuwa nimejiwekea mwisho wowote. Nilikuwa nimechukua kazi bila kuuliza ni ya muda gani, na yeye alikuwa akiilipia kwa jioni zake. Chukua wadhifa kwa mwaka mmoja, umwambie nyumbani ni mwaka mmoja, na ukifika mwezi wa kumi wa wadhifa huo uanze kumfundisha atakayekupokea. Vilevile zungumzeni kabla jina lako halijatokea hadharani. Harakati hizi huwa na maadui: Maathai mwenyewe alipigwa na kuumizwa mwezi Januari 1999 alipokwenda kupanda mti kwenye msitu wa Karura. Usiweke mtandaoni picha za watoto wako zikionyesha mahali mnapokwenda kila wiki. Na mwenzi wako akisema anaogopa, usimjibu kwa hotuba.

Mwanangu alirudi mtoni alipoona kweli mkobani hamna chupa. Alikagua mwenyewe. Mawe yake yalikuwa yameshachukuliwa na maji, akaanza upya, na safari hii ilimchukua mchana kutwa.

Ukijiunga nasi, mwezi wa kwanza sitakupa kazi yoyote. Njoo na walio wako, mje na viatu visivyojali maji, tupande na kijito hadi kwenye chemchemi. Mikutano ni Alhamisi, na tutakuwa bado tupo.