Kesi ndogo ya kompyuta: nenda dukani na futi

Mwaka jana nilinunua kesi ndogo Kariakoo, ile saizi ya boksi la viatu, muuzaji ananiambia "bosi hii kila kitu kinaingia", na mimi kwa haraka zangu nikalipa nikapanda daladala ya Tabata nimeipakata kama mtoto. Usiku nafunga, madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) ya saizi ndogo ya mini-ITX imekaa freshi, ile ni sm 17 kwa 17 haisumbui. Kadi ya grafiki nayo ikaingia kwa urefu, imebaki nafasi ya kidole. Sasa chomeka waya wa umeme wa kadi... plagi yake iko ubavuni, waya ukiukunja unasukuma kioo cha mlango, mlango haufungi ng'o! Wiki mbili kompyuta iko wazi, mpaka siku moja nakuta mjusi kajilaza juu ya pawasaplai, lile boksi la kugawa umeme ndani.

Kwahiyo siku hizi naenda na futi ya fundi cherehani, na namwambia muuzaji afungue mlango, akinuna anune. Upana ndo wa kupima kwanza, toka ubavu wa kadi mpaka mlangoni uwe na angalau sm 3 za waya kujikunja. Halafu feni ya prosesa: ukipima toka bati la madabodi mpaka mlangoni toa kama sm 1.5, maana vile viguzo vinavyoishikilia bodi na bodi na prosesa yenyewe vinakula nafasi, na hizi feni za mnara, zile ndefu za kusimama, nyingi zina kimo cha sm 15 au 16, hapo wengi wanapigwa.

Pawasaplai uliza mapema, ATX ya kawaida ina upana wa sm 15, nyingi ya hizi kesi zinataka saizi ndogo ya SFX ambayo ni sm 12.5, usije ukabaki na ile ya zamani mkononi.

Pitisha na kidole kwenye kingo za bati, taratibu lakini, mimi nina kovu. Na kwa joto letu hili angalia kadi inavutia hewa wapi, ikitazamana na kioo kisicho na matundu achana na kesi hiyo hata kama ina mataa, chujio la vumbi nalo liwe la kuchomoka bila bisibisi la sivyo hutalisafisha, najijua.

Ile ya kwanza nilimpa shemeji wa steshenari, yeye hana kadi ya grafiki, mlango unafunga vizuri kabisa.