Nimekuwa wa mwisho kwenye msafara, niuze pikipiki?

Safari hii barua karibu zote zimetoka kwa wazee wa pikipiki au watu wa nyumbani kwao, kwahiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zingine na sijutii, mtanisamehe.

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 66, pikipiki naendesha toka kijana kabisa na tuna kundi letu la marafiki wa zamani tunatoka pamoja tukipata nafasi. Zamani nilikuwa naongoza mimi, sasa hivi ndo wa mwisho. Wananisubiri njia panda, injini wamezima, helmeti wamevua, wanapiga stori, nikifika tu wanavaa na kuondoka, kwahiyo mimi mwenye kuchoka ndo sipumziki kabisa. Majuzi wamejipanga pembeni nikaenda kusimama nao, pikipiki ikainama ikanilalia mguuni mbele ya wote. Wakaninyanyulia huku wanacheka, na mimi nikacheka, ila nilivyofika nyumbani sikucheka tena. Toka hapo wakinipigia nasema nina wageni, siku nyingine nasema betri imekufa. Mke wangu anasema uza. Naogopa nikiuza nitakuwa nimewauza na marafiki, maana hatujawahi kukaa tukaongea kitu kingine zaidi ya pikipiki. Niache au nisiache? Ni mimi, Wa Mwisho.

JIBU: Mzee mwenzangu, umeleta mambo mawili umeyafunga kamba moja. Kuna pikipiki kukulalia, na kuna marafiki. Tuyafungue, tuanze na lile jepesi.

Pikipiki nzito hailali kwenye mwendo kasi tu bana, mara nyingi inalala kwenye mwendo wa kutembea, ile mita moja ya mwisho kabla hujasimama. Na nikikusoma naona kabisa ilivyokuwa: unaingia pembeni ya barabara, hendeli umeikata ili ujipange na wenzako, vidole viko kwenye breki ya mbele kwa mazoea, ukaibana. Tairi la mbele likiwa limegeuka hata kidogo alafu ukabana ile breki, uzito wote unakwenda upande huohuo lilikogeukia, na hapo hata kijana wa miaka 20 hazuii kilo 250 kwa mguu mmoja. Kwahiyo hilo sio la uzee peke yake. Nyoosha hendeli kwanza, malizia na breki ya nyuma, macho yaangalie mbele mbali, yasiangalie chini kwenye tairi. Tafuta uwanja mtupu ujizoeze kusimama tu, simama, ondoka, simama, mpaka mguu wenyewe uzoee.

Ila uzee nao una sehemu yake hatutaufichia. Nyonga haifunguki kama zamani na goti likichelewa nusu sekunde kushuka chini pikipiki imeshavuka pale unapoweza kuizuia. Angalia kimo cha siti, ukisimama miguu yote miwili ikae chini vizuri sio vidole tu, fundi wa siti anaweza kupunguza sponji. Lile boksi la mizigo la juu nyuma ya siti usilijaze vitu vizito, hamishia kwenye mabegi ya pembeni chini, utashangaa pikipiki inavyotulia.

Na ikilala tena, maana inaweza, usiinyanyue kwa kuinama umeiangalia, hapo unavunja mgongo. Zima injini, iache kwenye gia isibingirike. Kama imelalia kulia toa stendi kabisa kabla hujaanza maana stendi iko kushoto, ukiisahau utainyanyua alafu ikuangukie upande wa pili. Kata hendeli mpaka mwisho kuelekea chini, ipe mgongo, matako yakae kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike hendeli ulioivuta karibu na wewe, mwingine ushike chuma chini ya siti, alafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, kazi ifanywe na mapaja. Kama mgongo wako una historia, kaa pembeni usubiri mtu, hamna aibu hapo.

Alafu kuna hili la pikipiki yenyewe. Nani kasema lazima ufe na ile kubwa? Honda Super Cub ilianza kutengenezwa 1958, zimeshatoka zaidi ya milioni 100, za sasa zina uzito wa kilo mia na kidogo tu, na haina klachi ya mkono kabisa, mwenye vidole vya baridi yabisi anaiendesha anacheka. Au kama moyo hautaki kidogo, Honda Gold Wing toka 1988 nyingi zimewekewa rivasi, kwa sababu hata watengenezaji walijua wanunuzi wake hawawezi kusukuma dude lile kinyumenyume. Mimi binafsi namheshimu zaidi mtu aliyehamia ndogo akaendelea, kuliko yule aliyebaki na kubwa imefunikwa turubai.

Sasa marafiki. Umesema wanakusubiri njia panda. Watu waliokuchoka hawasubiri, wanaenda. Tatizo lao ni utaratibu mbovu, wa mwendo wa pole hawekwi mwisho, anawekwa wa pili, nyuma tu ya kiongozi, ili kiongozi amuone kwenye kioo na ashike mwendo wake. Mkiani anakaa mwenye uzoefu ambae halalamiki. Na kwenye njia panda tumieni ule mtindo wa kuacha mtu: anayemfuata kiongozi anabaki pale kwenye kona anaonyesha njia mpaka wa mkiani afike, ndo anaingia tena mbele yake. Hapo hamna mtu wa kumkimbiza mwenzie wala kuogopa kupotea, kila mtu anaendesha mwendo wake na bado ni msafara mmoja. Ila wewe omba wakuache kwenye nafasi yako ya pili, wa tatu ndo asimame kwenye kona. Na kitu kimoja kidogo lakini kikubwa, wa mwisho kufika ndo aseme tunaondoka saa ngapi. Sio wa kwanza kufika.

Haya utayasemaje? Usiyaseme mbele ya kundi zima. Kwenye kundi mtu akisema nimechoka jibu lake ni utani, na utani ule unatoka kwa watu ambao nao magoti yanauma hawasemi. Mchague mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kukushika mkono siku ile ulipoanguka, mwambie ukweli kama ulivyonambia mimi. Na uongo wa wageni uache haraka, maana wenzako hawafikirii goti lako, wanafikiri wamekukosea. Watu wazima wanaachana hivi hivi, mmoja anaona aibu mwingine anaona kanuniwa, simu zinapungua, basi imeisha.

Niache au nisiache? Usiache kwa sasa, kwa nilivyosoma. Lakini siku ya kuacha itakuja, na wewe umeshasema kitu kinachoniogopesha kuliko kuanguka, kwamba hamjawahi kuongea kitu kingine. Kaanze sasa hivi ukiwa bado unaendesha. Mpigie mmoja siku isiyo na safari, mwambie njoo unisaidie kutoa hewa kwenye breki, kazi ya nusu saa, mtakaa nusu siku, na humo katikati mtaongea mtoto wa nani kafanya nini, nani anaumwa nini. Ukisubiri mpaka uwe umeuza ndo uanze kuwatembelea itakuwa ngumu sana, kila ukifika kwao utajiona mgeni.

SWALI: Shikamoo. Baba yangu ana miaka 72 na bado anaendesha pikipiki kila siku. Mwezi uliopita alirudi usiku kioo cha pembeni kimevunjika hataki kusema kilivunjikaje. Mama analia, kaka anataka kumficha funguo. Tumwambieje aache? Ni Binti yake.

JIBU: Marahaba mwanangu. Funguo msifiche. Mtu aliyewalea kwa pikipiki ile mkimficha funguo atanunua nyingine au atanyamaza, na vyote vibaya.

Angalia neno ulilolitumia wewe mwenyewe, usiku. Mboni ya jicho inavyozeeka inakuwa ndogo na lenzi inakuwa ya njano, mtu wa miaka 60 mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi moja ya ule anaopata kijana wa miaka 20. Taa za gari likija mbele zikimpiga, jicho lake linachukua muda mrefu zaidi kurudi, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kila sekunde inayopita pikipiki imekwenda karibu mita 17. Kwahiyo msimwambie aache pikipiki, mwambieni aache usiku. Ni ombi dogo na baba anaweza kulikubali bila kushindwa mbele ya watoto wake. Akilikubali, siku nyingine ongeza mvua. Hivyo hivyo taratibu, wengi wanaacha wenyewe bila hata kutangaza.

Alafu mumpeleke kwa daktari wa macho, inawezekana ni mtoto wa jicho, na huo ukipasuliwa mtu anarudi kuona vizuri tu. Muulizeni na dawa anazotumia. Dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu, zile za zamani za mafua na mzio kama klofeniramini zinaleta usingizi, na kama ana sukari muangalie miguu, mwenye ganzi hasikii kakanyaga breki ya nyuma kiasi gani. Na mtazame akiwa anatoka nyumbani, anageuza shingo kuangalia nyuma ya bega au anategemea vioo tu? Shingo ngumu ni hatari kuliko watu wanavyodhani, na kioo chenyewe ndo hicho kimevunjika.

Kama ikifika mahali lazima aache kabisa, asiambiwe na kaka yako. Kuna rafiki yake wa pikipiki mnamjua, huyo ndo mumtume. Neno la mtu aliyeendesha nae mvua na jua linaingia pasipoingia la mtoto.

SWALI: Matairi yangu kashata zake bado mpya kabisa lakini fundi anasema nibadilishe. Ananiibia? Mstaafu.

JIBU: Hakuibii, au tuseme kabla hujamshutumu soma ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira unakauka ukiwa umekaa tu, tairi lililopita miaka mitano sita linateleza kwenye maji hata kama kashata zimejaa. Pikipiki za wastaafu zinaharibikia kwenye kukaa. Betri nayo iangalie.

SWALI: Rafiki yangu tulianza nae pikipiki tukiwa vijana, mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu, hataendesha tena. Nikienda kwake naficha helmeti kwenye begi na sisemi nimetoka wapi nisimuumize. Tunakaa tunaangalia tivii. Nifanyeje? Rafiki.

JIBU: Unamuumiza zaidi hivyo. Yeye sio mtoto, sauti ya pikipiki yako anaisikia toka nje, anajua umeficha, na anajua umemficha yeye. Sasa mmekaa wawili kila mmoja anamlinda mwenzie, tivii ndo inaongea.

Ingia na helmeti mkononi. Mwambie barabara ilikuwaje, wapi pamechimbika, ile kona mnayoijua ilikufanyaje. Mpe na kazi, kwa sababu kichwa chake cha ufundi hakijapata kiharusi: washa injini pale nje umuulize huu mlio ni vali au ni cheni ya ndani, akuelekeze wewe ushike spana. Kama anataka kulaani mwili wake mwache alaani, usimkatize na pole nyingi.

Na kuna pikipiki yenye kigari cha pembeni, wengi wanaisahau hii. Kama daktari wake anaruhusu na anaweza kukaa bila kuanguka upande, anaingia mule anafungwa vizuri na anakwenda safari, upepo wote ni wake. Ila wewe kajifunze kwanza ukiwa peke yako umeweka mzigo kwenye kigari, maana ile haiinami kwenye kona, unaigeuza kwa hendeli kama gari, ukiongeza mafuta inavuta kuelekea upande wa kigari, ukikamata breki inavuta upande wa pili, na ukikata kona kwa haraka kuelekea kwenye kigari kikiwa kitupu kinanyanyuka juu. Mzoefu wa pikipiki ya kawaida ndo anapata shida zaidi siku za mwanzo kwa sababu mwili wake unataka kuinama. Na muulize kwanza kama anataka kukaa kwenye kigari, usimfanyie sapraizi, wapo ambao kupakiwa hawataki kabisa na wanaona bora wabaki na ile kazi ya kusikiliza injini.