Wapambaji wapya wa Mtwara na Lindi, acheni kuuza picha ya simu

Mdogo wangu mmoja wa kazi amepokea oda ya harusi ya Julai, ufukweni, Shangani. Bibi harusi kamwonyesha picha kwenye simu: maua meupe yaliyofura kama kabichi, waridi rangi ya pichi, tao refu limesimama mchangani. Naye kajibu, "Inawezekana dada, itatoka hivyohivyo." Lile ua hajui linaitwaje, hajui linatoka wapi, hajui Julai upepo wa kusi unavyopiga pale. Na kianzio keshapokea.

Sina ugomvi naye. Mwaka jana alikuwa mwingine, mwaka juzi mwingine, na nikirudi nyuma sana najikuta mwenyewe. Kufunga tai za viti, kukunja vitambaa, kupanga steji na meza kuu, hayo mnayajua, na wengine mmeshanipita. Nasema na nyie habari ya maua mabichi tu.

1. Kabla hujataja bei, uliza tarehe.

Kwetu mvua ni msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili kuelekea Mei, baada ya hapo ni kiangazi mpaka zirudi. Bogenvilia inapenda jua na kiu kidogo, kwa hiyo kiangazi ndicho chake, kuta za Mikindani na Shangani zinawaka pinki na zambarau bila mtu kumwagilia. Mkrismasi unaanza kufungua Oktoba, Novemba, na Desemba mti mzima ni mwekundu. Hiyo ni bahati yetu watu wa Kusini, maana minada ya korosho nayo inaanza Oktoba, pesa zinaingia vijijini na kadi za michango zinaanza kutembea. Lakini mteja akiuona mkrismasi Desemba akautaka kwa harusi ya Julai, mwambie kweli: Julai mti ule una maganda makavu yanayogongana. Hata huo wa Desemba usiweke mezani, petali zitakuwa kwenye pilau kabla MC hajashika maiki. Weka matawi juu ya lango, yadondoke yanavyotaka, watu watasema umemwaga maua makusudi.

Halafu kuna Shaabani. Familia nyingi zinataka kumaliza harusi kabla ya mfungo, na Shaabani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Daftari lako la Shaabani ya miaka mitatu iliyopita limeshakosea mwezi mzima. Maua uliyoyapata kirahisi Shaabani ile, leo utayatafuta kwa taabu, au hayapo kabisa.

Na maua ya mkorosho msiguse. Najua Julai, Agosti yanapendeza, madogo, ya pinki, na yananukia vizuri. Ile ni korosho ya mtu. Tena kipindi hicho shamba linapulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, sasa umwekee bibi harusi tawi la salfa apige chafya mpaka ndoa ifungwe.

2. Waridi la basi.

Sikatai waridi la Arusha, ni zuri. Ila likitoka huko lifike Dar, halafu kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, boksi limelala kwenye buti la basi pamoja na vifaranga na matairi. Ukifungua asubuhi ya harusi unahesabu vichwa vilivyoinama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Kilwa, mabasi yalikwama na maboksi yakakwama nayo. Aliyekuwa na iksora ya vishada, krotoni ya majani ya rangi na makuti ya uwani kwake alipamba. Basi kama lazima uagize waridi, agiza la shada la bibi harusi peke yake, mengine yote yatoke hapa.

3. Saa ya kukata.

Hapa mnivumilie, nitakaa.

Nilipewa kazi Mikindani, familia ya watu wa pwani hasa. Ukumbi walikuwa na mtu wao. Mimi nilitakiwa kuleta asumini za nywele za bibi harusi na za vikuba vya shangazi zake, vile vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia wanavyovaa wanawake. Kazi ndogo, nikaona. Nilikuwa nimeshapamba kumbi za watu wakubwa, nina steji zangu watu wamezipiga picha, vikuba ni nini?

Mama mwenye harusi akanielekeza kwa jirani mwenye ua wa asumini. Nikafika asubuhi saa mbili. Yamefunguka yote, meupe, uwanja mzima unanukia, nikajipongeza kwa kuwahi. Nikachuma yaliyofunguka tu. Vitumba nikaviacha, tena nilimwambia kijana wangu kabisa, "Hivyo achana navyo, hatuna kazi navyo."

Nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo, nikayalaza juu ya barafu ndani ya boksi nililoazima kwa muuza samaki. Boksi nililisugua kwa sabuni na ndimu. Nilidhani samaki ndiye hatari pekee.

Baada ya sala ya alasiri tukaketi mkekani. Shangazi wametoa nyuzi na sindano, mrehani uko kwenye sinia, mkadi wa kunukia umeshachanwa. Somo wa bibi harusi, yule anayemfunda, amekaa pembeni, mtu mzima sana, hana haraka. Nikafungua mfuko. Ya chini, yaliyogusana na barafu, yamelainika yamekuwa kama hayana rangi, yameganda kwenye plastiki. Ya juu yameungua kingo, kahawia. Harufu ilikuwepo, lakini si ile.

Somo akaokota moja. Likamnatia kidoleni. Akalitazama, akanitazama.

"Mwanangu, haya umeyachuma saa ngapi?"

"Asubuhi, bibi. Saa mbili."

"Basi umetuletea ya jana."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, mbele ya wote: asumini inafumbuka jioni kuingia usiku. Niliyoyakuta wazi asubuhi yalikuwa yameshafanya kazi yake usiku, mimi nimekuja kuchuma mabaki. Shangazi mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Huyu ni fundi wa vitambaa." Wakacheka. Nilikuwa nimevaa kijora kipya siku hiyo, nakumbuka nilitamani kijora kinimeze.

Somo hakucheka. Akawaita watoto wawili, akawapa kanga, akawatuma kwenye ua uleule. Wakarudi na vitumba, vilevile nilivyosema hatuna kazi navyo, vimejaa, vimeshakuwa vyeupe lakini vimefumba. Akavitandaza kwenye ungo, akafunika na kitambaa chenye unyevu, na mimi nikapewa sindano nishone pamoja na wenzangu, nimenyamaza. Usiku bibi harusi anatolewa, vile vitumba vikawa vinafunguka nyweleni mwake. Hakuna steji yangu yoyote iliyowahi kufanya hivyo.

Pesa ya asumini nikairudisha kwa hiari yangu, nikitegemea mama mwenye harusi ataikataa kwa heshima. Aliipokea. Akaihesabu.

Basi: asumini ichumwe alasiri ikiwa kitumba kilichojaa, isioshwe, isiwekwe kwenye barafu, ilale kwenye ungo chini ya kitambaa kibichi, kivulini. Bogenvilia ikate alfajiri na uzamishe tawi zima kwenye beseni la maji, maua na yote, kabla hujaipanga. Haibiskasi ni ua la siku moja na jioni linajifunga, msiliahidi kwa sherehe ya usiku.

4. Majani yote yatakayozama majini yaondoe, shina kata mshazari, ndoo iwe safi kiasi cha kunywea, na tone la Jik linatosha, si kifuniko kizima. Ukienda Newala, kule juu maji ni shida, nenda na maji yako, usimwombe mwenye nyumba ndoo sita kama vile uko bondeni.

5. Sponji la maua liache lizame lenyewe. Nawaona mnalikandamiza kwa viganja viwili. Nje limelowa, katikati kavu, na shina unalichomeka hapohapo katikati, halafu unasema maua ya Mtwara hayadumu.

6. Kuti la mnazi la langoni, omba la chini. Kijana mmoja alipanda akakata kilele kwa kuwa kule juu majani ni laini, ya njano, yanasukika vizuri. Mnazi ukikatwa kilele umekufa, na mwenye mnazi alikuwa mjomba wa bwana harusi. Mambo hayo yalifika mpaka kwenye hotuba. Na oleanda, ile ya pinki ya kando ya barabara, isikae karibu na keki, ni sumu. Utomvu wa mnyaa nao usiuguse halafu ukajifikicha macho.

7. Ufukweni. Nimeshamwambia yule mdogo wangu wa Shangani, na nyie mnaosubiri oda za Msimbati sikieni: miezi ya kusi tao refu lenye kitambaa ni tanga, litaondoka. Shuka chini. Nguzo fupi zilizofukiwa na kufungiwa mifuko ya mchanga, makuti yaliyosukwa, krotoni ambazo upepo hauzitishi, iksora nyekundu kwa vishada vilivyobana. Mezani, bakuli pana za maji na franjipani zinaelea, zile nyeupe zenye kitovu cha njano. Hazihitaji shina wala sponji, unaziokota au kuzichuma siku ileile, na zikianza kubadilika unaweka nyingine bila mgeni kujua. Amepiga hesabu, akaona anabaki na faida ambayo kwenye ile picha ya simu asingeiona. Kilichobaki ni kwenda kumweleza bibi harusi kabla ya kikao kijacho cha kamati, na hapo simsindikizi.

8. Ndoo zako ziandike jina, kwa rangi ya mafuta, si kwa kalamu. Ukumbini mpishi naye anatafuta ndoo. Nimewahi kutoka kuswali nikakuta bogenvilia zangu zimelazwa sakafuni kwa utaratibu kabisa, na ndoo yangu imejaa kachumbari.