Hojicha ya Barafu: Kosa Langu la Kuichemsha na Jinsi Ninavyoitengeneza Sasa

Mara ya kwanza nilipotengeneza hojicha ya barafu, niliichemsha. Naamini wengi wetu tuliolelewa kwa chai ya maziwa tungefanya hivyohivyo: nilitia majani sufuriani, nikayaacha yatokote dakika kumi, nikaipua, nikasubiri ipoe, kisha nikaiweka kwenye friji hadi kesho yake. Nilichokipata kilikuwa maji ya kahawia yenye uchungu wa mkaa, kwa kuwa harufu yote, ambayo ndiyo mali ya chai hii, ilikuwa imekwisha kutoka kwa mvuke na kubaki jikoni. Baada ya kuharibu karibu pakiti nzima ndipo nilipoelewa kwamba hojicha inataka maji ya moto sana kwa muda mfupi sana, na kwamba barafu lazima ihesabiwe kuwa sehemu ya maji ya chai.

Hojicha, ambayo sauti ya o huvutwa kidogo inapotamkwa, ni chai ya kijani ya Kijapani iliyokaangwa. Wajapani huyapiga mvuke majani yao mara baada ya kuyachuma ili yasigeuke meusi. Kwa hojicha huongezwa hatua ya kuyakaanga kwenye moto mkali mpaka yawe ya kahawia, na mara nyingi majani yenyewe ni bancha, yaani yale makubwa yanayochumwa baada ya mavuno ya kwanza, au vijiti vya mchai ambavyo vingetupwa. Desturi hii inahusishwa na mji wa Kyoto katika miaka ya 1920. Moto hupunguza ukakasi na huleta harufu iliyo jamaa na ile ya buni zinapokaangwa. Ukipata ya vijiti vitupu, kama ile ya Kanazawa iitwayo Kaga bocha, inunue bila kusita, kwa sababu ladha yake ina utamu wa asili ambao hubaki hata kinywaji kikiwa baridi kabisa, ilhali ile ya majani matupu, kwa maoni yangu, hupwaya kidogo ikikutana na barafu.

Kwa gilasi mbili ninapima gramu 10 za chai, ambazo ni vijiko vikubwa vitatu vilivyojaa, kwa kuwa majani yaliyokaangwa ni mepesi mno na jicho hudanganyika kirahisi. Juu yake ninamimina mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, ninafunika, ninahesabu sekunde 45, kisha ninachuja moja kwa moja juu ya gramu 200 za barafu. Uzito wa barafu unalingana na wa maji kwa sababu maalumu: gramu moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto linalotosha kupoza gramu moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Kwa hiyo karibu barafu yote itayeyuka, chai itakuwa baridi papo hapo, na ule ukali uliopita kiasi utajikuta umesawazika. Barafu ya kunywea huongezwa baadaye, mpya, kwenye gilasi. Anayetaka sukari na aitie kabla ya barafu, kwani katika kinywaji baridi itatuama chini na kukataa kuyeyuka. Mimi hutumia kipande kidogo cha sukari guru, nayo hupatana vizuri na ladha ya moshi.

Kuna njia ya pili, ya kuloweka majani katika maji baridi. Gramu 15 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, ndani ya friji kwa saa sita hivi, hutoa kinywaji laini kisicho na ukakasi hata kidogo, lakini harufu huwa hafifu kwa sababu harufu ya kukaangwa huhitaji joto ili itoke. Suluhisho langu ni kuyalowesha majani kwanza kwa maji ya moto kidogo tu, nusu dakika, ndipo niongeze yale baridi. Jagi hilo lisikae zaidi ya siku mbili, na barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

Hapa Mombasa hojicha haipatikani kila duka, hivyo nimezoea kukaanga mwenyewe chai ya kijani ya Kenya, hasa ile iliyosahaulika kabatini hadi ikapoteza ladha. Kikaango kiwe kikavu kabisa, kisicho na hata alama ya mafuta, na moto uwe mdogo. Tikisa bila kuacha kwa dakika tatu hadi tano, na uyamwage majani kwenye sahani kabla hayajafikia rangi unayoitaka, maana huendelea kuiva yakiwa nje ya moto. Haitakuwa hojicha ya Kyoto, lakini msimu wa kaskazi hatuwi wachaguzi kiasi hicho.

Wapo wanaosema kwamba chai hii haina kafeini, na kwamba inaweza kunywewa usiku bila hesabu. Jedwali rasmi la Japani la viambato vya vyakula linaonyesha miligramu 20 za kafeini katika mililita 100 za hojicha, dhidi ya 60 katika kahawa. Ni ndogo, lakini ipo, na asiyelala kwa urahisi aikumbuke.

Kwa maziwa, ongeza chai hadi gramu 15 kwa maji yaleyale na uipe dakika nzima, kisha badala ya kuimimina juu ya barafu tupu, imimine juu ya maziwa baridi yenye barafu. Viungo vya chai yetu, yaani iliki, tangawizi na mdalasini, viache pembeni. Nilivijaribu vyote na vyote viliifunika.

Kuhusu kuhifadhi, tumia kopo lisilopitisha hewa na uliweke kabatini, mbali na jiko. Pakiti yangu ya kwanza, kwa kudhani ninaitunza, niliifungua na kuiweka kwenye friji kando ya pweza, na kwa wiki nzima kila gilasi niliyokunywa ilinikumbusha ufukwe maji yakitoka.